Balbu za Nywele Moja

Kinyozi huyu hakuitwa Nywele Moja kwa sababu ya upara, ingawa upara anao. Aliitwa hivyo kwa kuwa hakuvumilia mteja atoke kwenye kiti chake na nywele hata moja iliyosahaulika. Akikumbuka kwamba nyuma ya sikio kumebaki kitu, na mteja ameshaondoka, alikuwa akitoka mbio na mkasi mkononi akiita, "Simama! Nywele moja!" Wapita njia walidhani kuna ugomvi wa kumwaga damu, kumbe mtu anafuatwa aongezewe huduma. Mteja akisimama, Nywele Moja alimwinamisha kichwa palepale barabarani, akakata, akapuliza, akamwambia, "Sasa nenda kwa watu."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeanza kuogopa macho yake mwenyewe. Hofu ilimwingia kwa mlango mdogo. Asubuhi moja alikuwa akipangusa kioo kikubwa cha dukani, akakipangusa tena, akabadilisha kitambaa, akatia sabuni, akarudia, mpaka mteja wa kwanza akamwambia, "Fundi, kioo hicho utakitoboa." Kioo kilikuwa safi. Ukungu haukuwa kwenye kioo. Nywele Moja akacheka, akamkaribisha mteja kwenye kiti, na mikono ikafanya kazi iliyoizoea, lakini kila alipoinua macho alikitazama tena kile kioo.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Baba yake mzazi alimaliza miaka yake ya mwisho kwenye kiti kando ya ukuta, akiambiwa kijiko kiko kulia na maji yako kushoto. Nywele Moja alikuwa kijana wakati ule, na kazi ya kumwambia baba kijiko kiko wapi ilikuwa yake. Hajaisahau ile sauti aliyokuwa akiitumia, ya upole wa kulazimisha. Alichokiogopa hasa si giza. Alikiogopa kile kiti, na siku ambayo watu wangemsemesha kwa sauti ile.

Hospitali hakwenda. Aliona kwamba maadamu hakuna daktari aliyelitamka neno, neno halijawa. Tena bahati ikamletea wa kumsingizia: wiki ileile balbu ya dukani iliungua, na mwenye nyumba akamletea nyingine ya LED, ya bei ya chee. Nywele Moja akaitazama, akaona duara la mvuke limeizunguka, akapumua kwa raha kama mtu aliyefutiwa kesi. Kumbe ni balbu! Balbu hubadilishwa. Kuanzia siku hiyo kila aliyeingia dukani alisikia lawama za balbu, na suala la balbu akalivalia njuga.

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa ng'ambo ya barabara, na mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Umeme. Kwenye kaunta alikuwa na ubao wenye holda zilizopangwa safu, za pini na za skrubu, na kila balbu aliyoiuza aliiwasha kwanza pale ili mtu asije akamrudia na maneno.

"Nataka ya wati nyingi," Nywele Moja alimwambia siku ya kwanza.

"Kaka, wati ni umeme inaokula. Mwanga unaandikwa hapa, lumeni." Akamwonyesha ubavu wa boksi. "Watu wanakuja wananiambia nipe wati sitini kama zile za zamani. Nikiwapa LED ya wati sitini chumbani, majirani wataita zimamoto. Kwa duka lako, hii ya wati tisa inatosha."

"Nipe kubwa zaidi."

"Kubwa ya nini? Unataka kuongozea ndege?"

Akamweleza na habari za rangi. Balbu ya njano ni ya sebuleni na chumba cha kulala, inatuliza. Ya katikati, isiyo njano wala buluu, ndiyo nzuri kwa kazi ya kutazama ngozi na nywele. Nyeupe kali ni ya karakana na ghala, na hata huko inafaa iwe na kioo cha maziwa, kile cheupe kisichoonyesha ndani, ili isimchome mtu machoni. Na mahali pa kuiweka ni jambo la kufikiria: mwanga utoke nyuma ya bega la anayefanya kazi, usimkabili usoni. Mama Umeme alifundisha bila kulipwa, na alifundisha vizuri. Nywele Moja aliitikia kila kitu kwa kichwa, kisha akanunua nyeupe kali, yenye kioo kitupu, tena akachukua za nyumba nzima.

Kabla hajafunga mfuko, Mama Umeme akatoa simu, akaielekezea kamera kwenye balbu iliyokuwa ikiwaka ubaoni. "Njia ya kujua balbu mbovu hii hapa. Ikiwa inachezacheza, utaona mistari inapita kwenye kamera. Hiyo itakuumiza kichwa. Unaona mistari?"

Nywele Moja akaisogelea simu. Aliona weupe mtupu. "Naona," akasema.

"Hii nzuri, kaka. Haina mistari."

"Nakutania tu, dada," akasema, na akacheka kicheko kirefu kuliko utani wenyewe. Akavuka barabara na mifuko yake bila kutazama kulia wala kushoto, pikipiki ikampigia honi, akaruka. Akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti chake cha wateja. Alijua amekaribia kujulikana.

Nyumbani akapanda kwenye stuli akabadilisha balbu zote kwa mkono wake. Mkewe alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, na aliporudi akasimama mlangoni na pochi bado begani.

"Baba Watoto, nini hiki?"

"Mwanga."

"Nyeupe ninayoiona kazini inanitosha. Sasa nikirudi kwangu nako kama chumba cha upasuaji? Angalia ukuta, kila alama ya kidole inaonekana. Angalia uso wangu! Kwani nina miaka mingapi kwenye taa hii?"

"Zile za zamani zilikuwa zinatuharibu macho."

"Nani ameharibika macho?"

"Hakuna," akajibu haraka, akajitia kukunja boksi tupu la balbu. Mkewe alimtazama, akaamua kwamba ni moja ya vituko vya wanaume wakikaribia uzee, akaenda kuoga.

Aliyelalamika zaidi alikuwa baba mkwe. Mzee huyu aliishi nao tangu kiharusi kilipomnyima mkono wa kulia, na chumba chake kilikuwa cha nyuma, chenye dirisha dogo linalotazamana na ukuta wa jirani. Mkono ulikuwa umelala, lakini ulimi wake ulikuwa mzima wa afya. Balbu mpya ilipowashwa juu ya kitanda chake alifumba macho, akasema, "Mkwe, kama unataka niungame, nimeungama. Zima."

Na hapa ndipo hofu ya Nywele Moja ilipokuwa na jina na uso. Dukani aliweza kubabaisha. Alikuwa ameshaacha kutumia wembe, akiwaambia wateja kwamba siku hizi mashine ni bora kwa sababu za kiafya, na akawa anatumia mashine yenye kinga. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa umbo la kichwa, maana vichwa alivijua kwa vidole. Siku hizi hakumkimbilia tena mtu barabarani, na wateja walidhani amekua. Lakini Mzee hakutaka mashine. Alisema inamngurumia sikioni kama nyuki. Kila Jumapili mchana alinyolewa ndevu kwa wembe, na mkwe wake, na si mwingine.

Tatizo ni kwamba Mzee alikuwa akimeza dawa za kuzuia damu isigande, kwa ajili ya kile kiharusi. Daktari alikuwa amewaonya wote wawili, mke na mume: mtu huyu akikatwa, damu yake haikatiki upesi. Na chini ya taya la kushoto, karibu kabisa na mshipa unaopiga, Mzee alikuwa na chunjua dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Miaka yote Nywele Moja aliuzungusha wembe pale kwa ustadi, bila hata kukatisha mazungumzo. Sasa aliliota chunjua lile. Alikuwa akishika kikombe cha chai na kufikiria chunjua.

"Baba," alijaribu siku moja, "kwa nini usifuge tu ndevu? Wazee zinawapendeza."

"Nifuge ndevu, kwani mimi mbuzi?"

Akajikaza kisabuni. Angeweza kumwambia mkewe wakati ule. Maneno yalikuwa machache tu: macho yangu hayaoni vizuri. Alifika nayo mpaka kooni mara kadhaa, wakati wa kula, wakati wa kukunja nguo, na kila mara alikiona kile kiti kando ya ukuta, akayameza. Badala yake, Jumamosi alivuka tena barabara.

"Nataka ile kali kuliko zote," alisema.

Mama Umeme hakucheka safari hii. "Ya chumba gani?"

"Cha Mzee. Kitanda, kabati na kiti."

"Kaka, ile ni ya ghala. Ukiitazama hiyo kwenye kachumba kama hako, hutaona kitu."

Neno hutaona likamfanya atoe pesa haraka. Akaziweka kwenye kaunta. "Nipe," akasema, na kwa kuwa mteja ni mteja, akampa, kwa shingo upande.

Jumapili mchana akaifunga balbu ile kwenye holda ya ukutani, juu ya mto, ikimkabili yeye mwenyewe. Mzee akawekewa mito mgongoni, taulo shingoni. Maji ya moto yalikuwa kwenye bakuli, povu likapakwa. Nywele Moja akafungua wembe, akainua uso, na chumba chote kikawa maziwa. Povu jeupe, mvi nyeupe, mto mweupe, ukuta mweupe, vyote vilikuwa kitu kimoja kinachong'aa, na katikati yake kulikuwa na sauti ya Mzee ikilalamika. Aliogopa vile ambavyo hakuwahi kuogopa maishani. Hata hivyo mkono wake haukutetemeka, kwani ulikuwa mkono wa kazi, na ulikuwa umezoea kumficha mwenyewe.

Akanyoa kwa kidole gumba. Gumba la kushoto linavuta ngozi, wembe unafuata. Shavu la kulia likaisha salama. Kidevu kikaisha. Akaja chini ya taya la kushoto, gumba likatafuta chunjua kwenye utelezi wa povu, likagusa kitu kidogo kigumu. Hapo, akasema moyoni, akauzungusha wembe, akapita, akashukuru. Kumbe alichokigusa kilikuwa kipele. Chunjua lenyewe lilikuwa upana wa kidole chini yake.

"Mh," Mzee alisema.

"Nimekuumiza, Baba?"

"Lini uliwahi kuniuliza hivyo? Nyoa."

Nywele Moja akaona mstari mweusi ukiteremka shingoni. Balbu ile ilikuwa ikichora vivuli vikali vya kila kitu, vya bakuli, vya taulo, vya mikono, naye akaudhani ni kivuli cha kiganja chake. Akasogeza mkono, akaona kama na mstari umesogea. Akaendelea. Gumba likalowa, likapata joto, akafikiri ni maji ya bakuli, kwani maji aliyaleta ya moto. Alikuwa anaanza hata kupata matumaini. Alikuwa anafikiri: balbu hii ni nzuri.

Mkewe akaingia na taulo la kukaushia. Akasimama. Taulo likamdondoka.

"Baba anatoka damu!"

"Wapi?" akauliza Nywele Moja.

Neno moja tu. Alikuwa amemwinamia Mzee, pua yake iko shibiri moja tu kutoka kwenye shingo, wembe uko mkononi, na damu imeshaloanisha kola ya shati na inaelekea kifuani. Mkewe alimtazama yeye, si baba yake, kwa muda wa pumzi moja, na kwa pumzi hiyo akaelewa balbu zote. Kisha akamsukuma kando, akaokota taulo, akaligandamiza shingoni kwa mikono miwili, na kwa sauti ambayo Nywele Moja hakuwahi kuisikia akasema, "Weka wembe chini. Kaite gari."

Katika zahanati walikaa kwenye benchi la korido. Ndani, muuguzi alikuwa akiikandamiza shingo ya Mzee, na damu haikutaka kukatika. Kila mlango ulipofunguliwa walisimama wote wawili, na ulipofungwa wakakaa. Damu ilikuwa imekauka kwenye kucha za Nywele Moja. Aliinusa bila kutaka.

"Tangu lini?" mkewe akauliza, akitazama mbele.

"Tangu kabla ya balbu ya kwanza."

"Wembe, Baba Watoto. Kwenye koo la baba yangu."

Alitaka kueleza kuhusu kiti, kuhusu kijiko kiko kulia, lakini aliona maneno hayo hayatoshi hata kufuta tone moja kwenye lile shati. Akalia. Mkewe hakumbembeleza. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. Ila baada ya muda, mlango ulipofunguliwa tena na muuguzi akatoka akiashiria kwamba damu imekatika na uzi umetiwa, mkewe alimshika mkono ili kumwinua, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Wiki hiyohiyo akampeleka kwa daktari wa macho yeye mwenyewe. Daktari akatazama, hakuchukua muda. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto limekomaa. Hutolewa, akasema, na huwekwa lenzi nyingine. Mke akauliza habari za balbu. Daktari akatikisa kichwa: taa kali nyeupe ikigonga jicho lenye ukungu hutawanyika, kama taa za gari kwenye ukungu wa alfajiri, dereva anaona weupe tu. Kwa hiyo miezi yote ile Nywele Moja alikuwa akijinunulia upofu, akiubeba nyumbani kwenye mfuko, akipanda stuli na kuufunga darini. Lakini hilo silo lililomnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni kufikiri kwamba huenda na baba yake, pale kwenye kiti, alikuwa na mtoto wa jicho tu, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ya upasuaji wa jicho la kushoto alilazwa chini ya taa kubwa kuliko zote alizowahi kuzitamani. Aliogopa mpaka meno yakagongana. "Usitikisike," daktari alimwambia, maneno yaleyale aliyowaambia wateja wake maisha yake yote, na yeye akatulia kama alivyotaka wao watulie.

Alipokuwa bado na kitambaa jichoni, mkewe alikwenda kwa Mama Umeme. Walikaa sana. Akarudi na balbu za njano za sebuleni na chumba cha kulala, za katikati za jikoni, na kwa chumba cha Mzee akanunua ya katikati pia, yenye kioo cha maziwa, na fundi akaihamisha holda ukuta wa pili, nyuma ya mahali anaposimama mnyoaji. Ile ya ghala aliifunga kwenye choo cha uani, ambako hakuna anayetaka kukaa sana.

Mzee naye alikuwa amegoma. Aliletewa kinyozi mwingine, akamfukuza kwa ulimi. Wiki zikapita, ndevu zikaota, nyeupe, nene, zikafunika kidevu na shingo. "Sasa nimekuwa mbuzi," alisema, "na mchungaji ni mgonjwa."

Kitambaa kikatolewa, jicho likapona, ruhusa ya kufanya kazi ikatoka. Jumapili mchana Nywele Moja akaingia chumba cha nyuma na bakuli la maji ya moto. Mkewe akawasha taa, akabaki mlangoni. Mwanga ulikuja polepole kutoka nyuma ya bega la mumewe, ukalala kwenye uso wa Mzee bila kuuchoma, na Nywele Moja akauona uso ule kana kwamba hakuwahi kuuona: mishipa midogo ya mashavuni, nyusi moja ndefu kuliko nyingine, macho yanayomtazama kwa dharau ya siku zote.

Alizipunguza ndevu kwa mkasi kwanza. Nyeupe zilidondoka kwenye taulo, kidevu kikatokea, taya likatokea. Kisha akainua taya la kushoto kwa gumba, na akaliona.

Kovu lilikuwa fupi, jekundu bado, limenyooka kama mstari uliopigwa kwa rula. Chunjua halikuwepo, wembe ulikuwa umeondoka nalo. Na kando ya kovu, karibu kiasi kwamba hata unywele usingepata pa kulala katikati, mshipa wa Mzee ulikuwa ukipiga, ukiinuka na kushuka chini ya ngozi nyembamba. Aliutazama ukipiga. Alikuwa hajajua wembe ulipita karibu nao kiasi gani. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na yeye hakuwa na macho ya kujionea.

Hapo ndipo mkono ulipotetemeka, kuanzia kiwiko hadi vidoleni, mkono ule ambao haukutetemeka siku ile ya weupe. Wembe ukagonga ukingo wa bakuli.

"Unangoja nini?" Mzee akauliza.

"Naogopa, Baba."

Hakuwahi kulisema neno hilo mbele ya mtu. Mlangoni mkewe alisogea hatua moja, akasimama.

"Siku ile pia uliogopa," Mzee akasema. "Uliogopa kujulikana. Leo unaogopa kunikata." Akaegemeza kichwa kwenye mto, akainua kidevu, akaliacha koo lote wazi kwenye mwanga. "Afadhali hivyo. Nyoa."

Nywele Moja alisubiri mpaka mkono ulipotulia. Kisha akapaka povu, akaanzia shavu la kulia, mbali na kovu, na mkewe akasogea akasimama kando ya kitanda, akitazama, mpaka nywele ya mwisho.